Kushuka kwa kizazi na usalama wa tiba zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kizazi kikishuka, ni nini hasa kimetokea?

Kibofu cha mkojo, kizazi na utumbo wa haja kubwa vimebebwa na misuli iliyotanda kuanzia mfupa wa kinena hadi kifandugu. Juu ya misuli hiyo kuna kano zinazovishikilia pembeni na nyuma. Misuli ikichanika au ikilegea, mzigo wote unaziangukia kano. Kano nazo huvutika polepole, na hapo kiungo huanza kusukuma ukuta wa uke kuelekea chini.

Watu husema "kizazi kimetoka" kwa kila hali ya namna hii, ilhali mara nyingi kilichoshuka si kizazi. Ukuta wa mbele wa uke ukishuka, kilicho nyuma yake ni kibofu. Ukishuka wa nyuma, ni utumbo wa haja kubwa. Kizazi chenyewe kinaweza kushuka, na aliyekwisha kutolewa kizazi anaweza kushuka kilele cha uke, mahali kizazi kilipokuwa. Wengi wana mchanganyiko wa hayo. Muulize daktari aliyekupima, "Ni upande upi ulioshuka?" Jibu la swali hilo ndilo linaloamua tiba, na akikwambia tu "kizazi kimelegea", bado hujajibiwa.

Dalili zake ni zipi?

Uzito ukeni unaoongezeka kadiri siku inavyokwenda na kupungua ukilala. Uvimbe laini unaougusa ukinawa. Mkojo kuanza kwa shida, au kurudi chooni dakika chache baada ya kutoka. Wengine hawawezi kukojoa vizuri mpaka waurudishe uvimbe ndani kwa kidole kwanza, na wengine huhitaji kubonyeza ukuta wa nyuma wa uke ili choo kipite. Hilo la kidole wanawake wengi hawalisemi hata kwa daktari. Liseme, kwa sababu linaonyesha mahali penye tatizo kuliko maelezo mengine yote.

Maumivu makali si dalili ya kawaida ya hali hii. Kama kuna maumivu makali ya tumbo au kiuno, itafutwe sababu nyingine. Vilevile si kila kinachotokeza ukeni ni kizazi: inaweza kuwa uvimbe wa fibroidi wenye kikonyo, saratani ya shingo ya kizazi, au tezi ya mlango wa uke iliyojaa maji. Kinachotoka njia ya haja kubwa nacho ni ugonjwa mwingine kabisa. Ndiyo maana huwezi kutibiwa kwa simu au kwa picha.

Daktari ameandika "daraja la 2". Ni mbaya kiasi gani?

Kipimo kinachotumika zaidi duniani huangalia sehemu iliyoshuka kuliko zote iko wapi ukilinganisha na mstari wa kizinda, huku umekaza tumbo au unakohoa. Daraja la 0 hakuna kilichoshuka. Daraja la 1, sehemu hiyo bado iko ndani, zaidi ya sentimita 1 juu ya mstari. La 2, iko karibu na mstari, kati ya sentimita 1 juu yake na sentimita 1 chini yake. La 3, imetokeza zaidi ya sentimita 1 nje lakini uke haujageuka wote. La 4, uke umetoka karibu wote.

Daraja pekee halitoshi kukupeleka chumba cha upasuaji. Yupo mwenye daraja la 3 anayelima na kuteka maji bila kero, na yupo wa daraja la 2 asiyeweza kusimama sokoni saa moja. Kinachotibiwa ni kero. Kama hakuna kero na mkojo unatoka wote, kuacha bila tiba huku ukipimwa mara kwa mara ni uamuzi halali wa kitabibu, wala si uzembe.

Kwa nini imenipata mimi?

Sababu kubwa kuliko zote ni kuzaa kwa njia ya kawaida, hasa mimba nyingi, mtoto mkubwa, au kuzalishwa kwa koleo, ambako misuli huweza kung'oka pale iliposhikilia mfupa wa kinena. Kisha huongezeka umri na kukoma hedhi, unene, kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu cha miaka, na kazi ya kubeba mizigo mizito. Aliyezaa kwa upasuaji naye anaweza kupata, ila uwezekano ni mdogo.

Wala si ugonjwa wa wachache. Utafiti uliofanywa vijijini mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2018 uliwapima wanawake zaidi ya 1,000, na takriban asilimia 65 walikutwa na daraja la 2 au zaidi. Waliokuwa na uvimbe uliotokeza nje kabisa hawakufika kumi katika mia. Si laana, si matokeo ya uzinzi, na haiambukizi.

Mazoezi yanasaidia kweli, au ni ya kupoteza muda?

Yanasaidia kwa daraja la 1 na la 2: hupunguza uzito na kero, na husaidia mkojo unaovuja. Hayarudishi ndani uvimbe wa daraja la 4. Mwongozo wa taifa wa Uingereza wa mwaka 2019 unapendekeza yawe chaguo la kwanza kwa madaraja hayo mawili, chini ya usimamizi wa mtaalamu, kwa angalau wiki 16. Anayeacha wiki ya tatu kwa kuwa "hayafanyi kazi" bado hajayajaribu.

Namna ya kufanya: lala chali, magoti yamekunjwa. Kaza kana kwamba unazuia upepo usitoke, kisha vuta mkazo huo mbele hadi uke nao ukaze na kupanda juu. Matako, mapaja na tumbo vibaki vimelegea, na pumzi iendelee. Shikilia kwa sekunde unazoweza, hata kama ni 3 tu, halafu legeza kabisa kwa muda uleule. Lenga kufikia sekunde 10, mara 10, kisha mikazo 10 ya haraka. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Ukishazoea, fanya umekaa, halafu umesimama.

Kosa linaloharibu zaidi ni kusukuma chini badala ya kuvuta juu. Weka kidole ukeni au tumia kioo: ukikaza sawasawa, kidole kinabanwa na kuvutwa ndani. Kikisukumwa nje, unaongeza tatizo. Acha, umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Usifanye mazoezi kwa kukatiza mkojo kila siku, maana kibofu kinaweza kuzoea kubakiza mkojo. Na jizoeze kukaza kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kuinua ndoo. Hilo dogo lina faida kubwa kuliko linavyoonekana.

Pesari ni nini, na ni salama?

Ni kifaa cha silikoni au plastiki kinachowekwa ukeni kushikilia viungo mahali pake. Inayotumika zaidi ni ya umbo la pete. Zipo pia zenye kikonyo na nyingine za mchemraba kwa uvimbe mkubwa usioshikika na pete. Hakuna kisu wala ganzi, na ikikukera inatolewa siku hiyohiyo. Kwa maoni yetu hii ndiyo tiba inayosahaulika kuliko zote. Wanawake wengi huambiwa "upasuaji au uvumilie", kana kwamba katikati hakuna kitu.

Pete hupimwa kwa mwanamke mwenyewe, hainunuliwi kwa kukisia. Nyingi zinazotumika huwa kati ya milimita 60 na 80. Ikikaa vizuri, huihisi, na kidole cha mpimaji hupita kati yake na ukuta wa uke. Usiondoke kliniki kabla hujatembea, hujachuchumaa, hujakohoa na hujakojoa. Ikitoka, ni ndogo au umbo si lake. Ikiuma au mkojo ukigoma, ni kubwa. Kubadilisha mara mbili tatu ndipo ipatikane inayokufaa ni jambo la kawaida.

Wengi wanaweza kuitoa na kuirudisha wenyewe. Nawa mikono, paka kilainishi cha maji kwenye ukingo, ikunje pete katikati, iingize ukiielekeza nyuma upande wa kifandugu, iachie ifunguke, kisha isukume ukingo wa mbele juu nyuma ya mfupa wa kinena. Kuitoa, ingiza kidole, shika ukingo, igeuze kidogo na uivute chini. Osha kwa maji na sabuni isiyo kali, suuza, kausha. Ya silikoni hutumika tena mpaka ionyeshe nyufa. Jaribio la Uingereza lililochapishwa 2023 lilionyesha kwamba wanaoitoa pesari wenyewe hawakuwa na maisha duni kuliko wanaotegemea kliniki, na walipata matatizo machache zaidi.

Asiyeweza kuitoa mwenyewe lazima aonekane kliniki, kwa kawaida kila baada ya miezi 6 au mapema zaidi. Hapa ndipo hatari ya kweli ilipo. Majimaji meupe kiasi ni kawaida. Harufu mbaya, damu au usaha maana yake huenda pete imekwaruza na kuleta kidonda. Kidonda kikigunduliwa, pete hutolewa kwa wiki kadhaa, mara nyingi pamoja na krimu ya estrojeni, kisha hurudishwa. Pesari iliyosahaulika miaka inaweza kuzama ndani ya nyama, au kutoboa hadi kwenye kibofu au utumbo mkubwa na kusababisha fistula. Kwa hiyo mama mzee akiwekewa pesari, mtu mmoja nyumbani aijue, na tarehe ya kurudi iandikwe. Anayesahausahau asiwekewe kifaa ambacho hakuna mwingine anayekifahamu.

Na tendo la ndoa? Ukiwa na pete inawezekana, au unaitoa kwanza. Ukiwa na ile ya kikonyo haiwezekani bila kuitoa.

Krimu ya estrojeni ni ya nini?

Baada ya kukoma hedhi, ukuta wa uke huwa mkavu na mwembamba. Krimu hiyo huuimarisha, hivyo pesari inavumilika na vidonda hupungua. Haiinui kiungo kilichoshuka. Kwa kawaida hutumika kila usiku kwa wiki 2, kisha mara mbili kwa wiki. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, au anayetokwa na damu isiyojulikana chanzo, amweleze daktari kabla ya kuanza.

Vipi shabu, ndimu, mizizi na kufunga tumbo?

Shabu hukausha na kukaza ukuta wa uke kwa muda, na anayeitumia hujihisi amebana, lakini kano zilizovutika ziko juu kabisa, haifiki huko. Inachofanya ni kuuchubua ukuta. Ndimu na dawa za unga za kujipachika huunguza vilevile, na tishu zikipona kwa kovu uke unaweza kuziba nusu, kiasi kwamba hata pesari haiingii tena. Mwenye kidonda kwenye uvimbe uliotoka asipake chochote ila alichoandikiwa.

Kufunga tumbo kwa kanga au mkanda baada ya kujifungua hakurudishi kizazi. Ukifunga kwa kulegea haina shida. Ukikaza sana juu ya tumbo, msukumo unaelekea chini, huko huko unakotaka kupanusuru.

Upasuaji wa kutumia nyuzi tu ukoje?

Daktari hukaza ukuta wa mbele au wa nyuma kwa nyuzi zinazoyeyuka, au hukishikiza kilele cha uke kwenye kano imara ndani ya nyonga. Hufanyika kupitia ukeni, mara nyingi kwa sindano ya ganzi ya mgongoni.

Kutoa kizazi si lazima kila mara, ingawa ndivyo wengi wanavyoambiwa. Kizazi kinaweza kushikizwa kwenye kano, au ikafanywa njia iitwayo Manchester, ambamo shingo ya kizazi iliyorefuka hukatwa na kano zake kukazwa mbele yake. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa 2023 lililinganisha njia hizo mbili: baada ya miaka 2, walionufaika kwa Manchester walikuwa asilimia 87, na kwa kushikiza asilimia 77. Manchester ni upasuaji wa zamani, bei yake si kubwa, na hauhitaji kifaa chochote cha kigeni kubaki mwilini. Haumfai anayetaka kuzaa tena. Kwa mama mzee asiyehitaji tena tendo la ndoa na ambaye mwili wake haustahimili upasuaji mrefu, uke unaweza kufungwa. Kufunga huku hufanikiwa sana, ila hakurudi nyuma, na shingo ya kizazi ichunguzwe kwanza, kwa kuwa baadaye haitafikika.

Hatari zake: kutokwa damu, maambukizi, damu kuganda miguuni, kujeruhiwa kibofu, utumbo au mirija itokayo kwenye figo, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na mkojo kugoma kwa siku chache. Wengine huanza kuvuja mkojo baada ya upasuaji, kwa sababu uvimbe ndio uliokuwa ukiukunja mrija wa mkojo na kuuziba. Aliyeshikiziwa kilele kwenye kano anaweza kuumwa tako moja, kwa kawaida la kulia, kwa wiki kadhaa. Na hali inaweza kurudi.

Wavu ni nini, na kwa nini nchi nyingine zimeupiga marufuku?

Wavu ni kitambaa cha plastiki, mara nyingi polipropilini, kilichokuwa kikishonwa chini ya ukuta wa uke ili kuongeza nguvu. Wazo lilitoka kwenye upasuaji wa ngiri. Marekani iliruhusu wa kwanza wa kutibu kushuka kwa viungo kupitia ukeni mwaka 2002, kwa njia ya kuonyesha tu kwamba unafanana na vifaa vilivyokwisha kuwepo sokoni, bila kudai majaribio kwa wanawake.

Tatizo ni mahali ulipowekwa. Uke si sehemu isiyo na vijidudu, na ukuta wake ni mwembamba. Wavu hutoboa na kutokeza, au husinyaa na kuvuta mishipa ya fahamu, na nyama ikishaota kupitia matundu yake, kuutoa ni kama kutoa chuma kutoka kwenye zege lililokauka. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, shirika la kimataifa linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta wavu ukitokeza kwa takriban asilimia 12 ya waliowekewa, na asilimia 8 wakirudi kupasuliwa kwa sababu hiyo. Ni kweli kwamba waliohisi uvimbe umerudi walikuwa wachache zaidi: asilimia 10 hadi 15, dhidi ya 19 kwa nyuzi. Faida ilikuwepo, bali bei yake ilizidi. Jaribio kubwa la Uingereza la mwaka 2017 halikuona hata faida hiyo ndani ya miaka 2 ya mwanzo.

Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2008 na lingine 2011, ikaupandisha wavu huu daraja la hatari kubwa 2016, na tarehe 16 Aprili 2019 ikawaamuru watengenezaji wawili waliobaki, Boston Scientific na Coloplast, waache kuuza. Australia iliuondoa mwishoni mwa 2017. Uingereza ilisimamisha matumizi Julai 2018, na ripoti iliyoongozwa na Julia Cumberlege, Julai 2020, ilieleza jinsi wanawake walivyolalamika kwa miaka bila kusikilizwa.

Kwa hiyo kila wavu ni mbaya?

Hapana, na hapa watu huchanganya. Wavu unaowekwa kupitia tumboni, kushikiza kilele cha uke kwenye mfupa ulio juu ya kifandugu, bado unatumika, hasa kwa ambao kilele kimeshuka tena baada ya kutolewa kizazi. Haupiti kwenye jeraha la ukeni, hivyo hutokeza mara chache zaidi, ingawa ufuatiliaji wa Marekani wa miaka 7 ulikadiria asilimia 10 hivi. Utepe mwembamba wa kuzuia mkojo kuvuja ni kifaa kingine, na wavu wa ngiri ni kingine tena.

Kabla ya kutia saini, uliza: Kuna kitu chochote kitakachobaki mwilini mwangu? Kinaitwaje, na kinawekwa kupitia wapi? Nyuzi peke yake haziwezi kutosha? Umefanya upasuaji huu mara ngapi? Kikileta shida, nani hapa anaweza kukitoa? Ukiwekewa, dai stika ya kifaa yenye jina na namba ibandikwe kwenye karatasi yako, si kwenye faili la hospitali peke yake.

Nilishawekewa wavu zamani. Niutoe?

Kama huna dalili, hapana. Endelea na uchunguzi wa kawaida na umwambie kila daktari wa wanawake anayekupima. Dalili za kufuatilia ni damu au majimaji yasiyoisha, maumivu ya nyonga au paja, mwenza kuhisi kitu kinachochoma, na maambukizi ya mkojo yanayojirudia. Kuutoa ni upasuaji mgumu kuliko kuuweka, na hauhakikishi maumivu yataisha, kwa hiyo utolewe na kituo kinachofanya kazi hiyo mara kwa mara.

Na laser ya "kubana uke"?

Julai 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu mashine hizi zinazotangazwa kwa ajili ya urembo wa uke: kuungua, makovu na maumivu ya kudumu. Hazitibu kushuka kwa viungo.

Nataka kuzaa tena. Nifanye nini?

Tumia mazoezi na pesari, na upasuaji usubiri mpaka umalize kuzaa, kwa sababu mimba na uchungu vinaweza kuuharibu. Aliyekwisha kufanyiwa na akashika mimba azungumze mapema na daktari kuhusu njia ya kujifungua.

Baada ya upasuaji nitakaa nyumbani muda gani?

Mpira wa mkojo na shashi ya ukeni mara nyingi hutolewa ndani ya siku moja au mbili. Kabla hujaruhusiwa, ihakikishwe unakojoa na kibofu kinabaki karibu kitupu. Majimaji yenye rangi ya hudhurungi huendelea kwa wiki 4 hadi 6, pamoja na vipande vya nyuzi. Wiki 6 usibebe ndoo, kuni wala mtoto mkubwa, usiingize kitu ukeni, na tendo la ndoa lisubiri. Tembea kila siku ili damu isigande.

Choo kigumu ndicho adui. Kunywa maji, kula mboga na papai, na omba dawa ya kulainisha mapema. Kwenye choo cha kukaa, weka miguu juu ya kigoda na uiname mbele, usikamie. Kikohozi nacho kitibiwe kabla ya tarehe ya upasuaji, la sivyo nyuzi zitapimwa nguvu wiki ya kwanza.

Ni lini nikimbilie hospitali?

Siku hiyohiyo, ikiwa mkojo umegoma kabisa, ikiwa uvimbe umetoka na haurudi ndani, umebadilika rangi au unauma, ikiwa una homa na maumivu ya ubavu, au unatokwa damu nyingi. Ukiwa na daraja la 4 bila kero yoyote, bado unapaswa kupimwa figo na mkojo unaobaki kibofuni, kwa kuwa uvimbe mkubwa unaweza kukunja mirija ya figo kimyakimya. Na damu yoyote ukeni baada ya kukoma hedhi, hata tone, ichunguzwe ndani ya siku chache, pesari iwepo au isiwepo. Usikubali kuambiwa "ni kile kizazi tu" kabla shingo na ukuta wa kizazi havijaangaliwa.